Kiwanda kidogo cha bia Malindi: ongeza baridi kabla ya kuongeza sufuria

Kiwanda kidogo cha bia kikianza kupata wateja, wazo la kwanza la mwenyewe huwa ni sufuria kubwa zaidi. Anapika lita 100, anataka 500. Ushauri wetu kwa aliye Malindi, na kwa pwani yote ya joto kama yetu, ni kwamba pesa hiyo iende kwanza kwenye chumba cha baridi na mapipa. Sufuria ya lita 100 ikipikiwa mara mbili kwa wiki inaweza kulisha baa mbili bila aibu. Mpiko wa lita 500 usio na mahali pa nyuzi 12 pa kulala utaanza kunuka siki kabla haujauzwa nusu.

Hapa tunazungumzia eli ya pipa, ile bia ya Kiingereza isiyochujwa wala kupashwa joto ili kuua hamira, inayomalizia kuchachuka ndani ya pipa lile lile inamouzwa, na inayotolewa bila kusukumwa na gesi ya mtungi. Nchini Uingereza ilikaribia kupotea, mpaka wanywaji wakaunda chama cha CAMRA mwaka 1971 kuitetea. Mwaka 2002 serikali ya kule ikapunguza ushuru kwa viwanda vidogo, na hapo ndipo viwanda vya mitaani vilipoanza kuota kwa wingi. Lakini sababu moja haisemwi sana: baa zao zilikuwa na baridi tayari. Chumba cha chini ya ardhi Uingereza hukaa karibu na nyuzi 10 hadi 12 mwaka mzima bila mtu kulipia hata senti.

Wapo wanaodhani kuchimba shimo Malindi kutaleta nafuu hiyo hiyo. Hakuleti. Joto la ardhi, ukishuka mita chache, hufuata wastani wa joto la hewa la mwaka, na wastani wetu ni kama nyuzi 26 au 27. Utavunja matumbawe kwa jasho, ukute joto lile lile la kivulini, na ukiwa karibu na ufuo, maji ya chumvi chini yake.

Chumba chenyewe

Chumba cha mita 3 kwa 3, kimo mita 2.4, kinatosha kuanzia. Kuta, dari na mlango viwe vya paneli za povu la poliyurethani zenye unene wa milimita 100. Sakafu nayo iwekewe povu kabla ya kumwagiwa zege. Watu huisahau, halafu wanashangaa kwa nini mapipa ya chini yana joto kuliko ya juu. Nje kukiwa nyuzi 31 na ndani 11, chumba kilichojengwa hivyo huvujisha takriban wati 220 tu. Kiyoyozi cha ukutani cha BTU 12,000 kinazimudu, na bado kina nguvu ya kupoza mapipa mapya na kufidia mlango unaofunguliwa kila mara.

Tatizo ni kwamba kiyoyozi cha kawaida hukataa kushuka chini ya nyuzi 16. Fundi mzuri wa friji atakufungia kidhibiti cha nje kinachopasha kidogo kihisi cha kiyoyozi ili kiamini chumba bado kina joto. Hakikisha anaweka na kihisi cha pili kwenye mapezi ya ndani (vile vibati vyembamba vya kupozea), cha kuzima mashine barafu inapoanza kuganda. Bila hicho mapezi huziba, hewa haipiti, chumba kinapanda joto huku kiyoyozi kikinguruma kana kwamba kinafanya kazi. Sehemu ya nje ya kiyoyozi isielekezwe baharini. Msimu wa kusi upepo huleta chumvi moja kwa moja, na mapezi ya alumini huliwa upesi. Ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila wiki, bila presha kubwa.

Stima itapotea, hilo si la kujadili. Kabla ya kukimbilia jenereta, hesabu uzito wa bia uliyo nayo. Mapipa kumi ya lita 41 yaliyojaa yanahitaji takriban kilojuli 1,700 kupanda nyuzi moja. Mlango ukifungwa, chumba hupanda kama nusu nyuzi kwa saa. Stima ikikatika kwa muda wa saa nne, umetoka 11 ukafika 13, na bia haijadhurika. Chumba hicho hicho kikiwa na mapipa mawili tu kitapanda zaidi ya nyuzi mbili kwa saa. Kwa hiyo nafasi tupu zijazwe majerikani ya maji. Hayagharimu kitu, na yanalinda bia vizuri kuliko jenereta isiyo na mafuta.

Onyo moja kubwa: usichachushe bia ndani ya chumba hiki kilichofungwa. Mpiko wa lita 500 wa nguvu ya kawaida hutoa takriban kilo 15 za kaboni dioksidi, ambazo ni zaidi ya mita za ujazo 8 za gesi, na chumba kizima kina mita za ujazo 21 na kitu. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hukaa chini. Mtu akiinama kufungua bilula anaweza asiinuke. Tangi la kuchachushia likae penye hewa, gesi yake iongozwe nje kwa mpira. Hata chumba cha mapipa kiwe na kipima gesi, na mlango unaofunguka kutoka ndani.

Mpiko wa lita 500

Kwa bia ya kileo cha asilimia 4, inayoanza na 1.040 na kuishia 1.010 kwenye haidromita (kifaa kinachopima uzito wake ukilinganishwa na maji), panga kilo 85 za kimea cheupe, yaani shayiri iliyooteshwa na kukaushwa, na kilo 4 za kimea cha karameli. Shayiri ya Kenya hulimwa Narok, Mau na Timau, na kimea chake kwa kawaida ni chepesi, cha kutengenezea lager. Kinafaa, ila kichemshwe dakika 90 badala ya 60, la sivyo bia itabaki na harufu ya mahindi ya kuchemsha. Nunua kimea kizima, kisichosagwa, ukihifadhi kwenye mapipa yenye mfuniko wa kubana, na ukisage siku ya kupika. Kimea kilichosagwa hunyonya unyevu wa pwani kwa siku chache, na fukusi hawachelewi.

Maji ya kulowekea ni lita 2.6 kwa kila kilo, yaani lita 230 hivi, na shabaha ni nyuzi 66 kwa saa nzima. Hapa mapishi ya vitabu hupotosha. Yameandikwa kwa nafaka iliyolala kwenye nyuzi 15, kwa hiyo yanakwambia upashe maji hadi 74. Kimea chako kina nyuzi 30. Ukimwaga maji ya 74 utapata 68 na zaidi, na bia itabaki tamu na nzito kwa sababu sukari nyingi itakuwa ya aina isiyoliwa na hamira. Maji yawe 71.5 hadi 72. Ya kusuuzia machicha yasizidi 78. Jumla, tenga lita 650 za maji kwa lita 500 za bia: machicha hubaki na lita 90, na nyingine huenda na mvuke na hopsi, maua yanayoipa bia uchungu.

Maji ya mfereji Malindi hutoka visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki, na hutiwa klorini. Klorini ikikutana na kimea hutoa ladha ya dawa ya hospitali ambayo haiondoki. Gramu 6 za metabisulfaiti ya sodiamu kwa lita 1,000 huimaliza kwa dakika chache. Maji ya kisima cha nyumbani ni suala jingine: yamepita kwenye matumbawe, yana chokaa, na mengi yana chumvi. Yakionja chumvi ulimini, usiyatumie bila mashine ya kuchuja chumvi. Yenye chokaa tu yanaweza kuchemshwa usiku uliotangulia, yakaachwa yatulie, ukachota ya juu. Kimea kikishalowekwa, kipimo cha asidi (pH) kiwe kati ya 5.2 na 5.6, kikizidi, tia asidi ya laktiki kidogo kidogo huku ukipima.

Hopsi hazilimwi hapa. Zinaagizwa, nyingine zikitoka Afrika Kusini, karibu na mji wa George. Zikae kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, kwenye mfuko usio na hewa. Hopsi za asidi ya alfa asilimia 5 utahitaji gramu 1,200 hivi kupata uchungu wa 30 kwa IBU, kipimo cha uchungu wa bia. Za asilimia 10, nusu yake. Aliyejifunzia kazi Nairobi aangalie hapa: kule maji huchemka karibu na nyuzi 94 kwa sababu ya mwinuko, huku kwetu ni 100 kamili. Mapishi ya Nairobi yakiletwa Malindi bila kurekebishwa hutoka machungu kuliko yalivyokusudiwa.

Kupoza ndipo joto la pwani linapokukamata. Maji ya mfereji yana nyuzi 28 hadi 30, kwa hiyo kipozeo chochote kitakufikisha 33 au 35, si chini ya hapo. Hamira ya Kiingereza inataka 18 hadi 20. Kushusha lita 500 kutoka 35 hadi 20 kunahitaji barafu kilo 75 kwa hesabu, na 100 kwa hali halisi. Barafu ya wavuvi inafaa kwa kazi hii, mradi ikae kwenye beseni la maji yanayozunguka nje ya bomba. Isiguse bia. Na kazi haijaisha: hamira yenyewe hutoa joto. Mpiko huo ukiachwa bila kupozwa utajipandisha nyuzi 8 au 9, na ukifika 28 na hamira ya Kiingereza utapata vileo vizito vinavyochoma koo na kumwachia mnywaji kichwa kizito asubuhi.

Kwa maoni yetu, bia ya kila siku Malindi ipikwe na kveik, hamira za mashambani za Norwe ambazo hufurahia nyuzi 33 hadi 37. Aina ya Voss ina harufu nyepesi ya chungwa inayokaa vizuri na bia chungu. Inamaliza kazi kwa siku tatu hivi na hushuka chini yenyewe, jambo linalofaa sana kwa pipa. Ubaya wake ni kwamba kwenye maji ya kimea mepesi kama haya ya 1.040 hukosa lishe ikazubaa. Mtilie chakula cha hamira mwishoni mwa kuchemsha. Hamira ya Kiingereza iwekee bia nyeusi ya Julai na Agosti, usiku unapopoa kidogo na barafu inatosha. Lakini kveik inakuokoa kwenye tangi tu. Pipa lake linahitaji chumba cha baridi kama pipa jingine lolote.

Kutia pipani

Mapipa huja kwa vipimo vya Kiingereza: pini ni lita 20.5, fakini ni lita 41. Kila pipa lina tundu mbili, moja ubavuni lenye kizibo kikubwa cha kujazia, nyingine usoni lenye kizibo kidogo cha kupigia bilula. Malindi anza na pini, hata kama kuosha vipipa vidogo viwili ni kazi zaidi ya kuosha kimoja kikubwa. Pipa likishafunguliwa, hewa inaingia, na bia ina siku tatu za maisha mazuri. Pini lina painti 36, yaani glasi kubwa 36, ukitoa mashapo zinabaki 33 au 34. Baa isiyouza glasi 11 kwa siku haipaswi kupewa hata pini moja, achilia mbali fakini.

Waingereza wengi hutia sukari kidogo pipani ili hamira ipate la kufanya. Sisi tunashauri usitie, na sababu inaning'inia juu ya minazi. Tembo la mnazi huchachuka lenyewe kwa saa chache kwa sababu ya vijidudu vilivyojaa kwenye utomvu, vibuyu na kotama ya mgema. Mmoja wao ni bakteria aitwaye Zymomonas. Hawezi kula sukari ya kimea, ila sukari ya glukosi na ile ya dukani huipenda, na joto la nyuzi 25 hadi 30 ndilo lake. Kwenye tembo ni mfanyakazi mwema. Kwenye pipa la eli lililotiwa sukari anakuachia harufu ya yai bovu na tufaha lililooza, na pipa likishanuka hivyo hakuna dawa. Viwanda vya Uingereza wanamfahamu. Sisi tunaishi naye. Basi acha sukari ya kimea yenyewe ibaki, ambayo yeye haigusi. Na anayetoka kugema asubuhi abadili nguo na aoshe mikono kabla ya kushika mpira wa kujazia. Tunasema hivyo bila dharau. Tembo ni kinywaji kizuri.

Kubakiza sukari ya kimea maana yake ni kujaza pipa kabla bia haijafika mwisho. Kila nukta moja ya haidromita, tuseme kutoka 1.011 hadi 1.010, huzaa karibu nusu lita ya gesi kwa kila lita ya bia. Lengo ni bia iwe na lita 1.3 hadi 1.5 za gesi kwa lita kabla pipa halijapumuliwa, yaani kabla gesi ya ziada haijatolewa kule baa. Bia iliyochachukia nyuzi 20 tayari imeshika 0.85, kwa hiyo nukta moja inatosha. Ya kveik, kwa sababu ya joto, imeshika 0.6 tu, na inataka nukta moja na nusu hadi mbili.

Sasa angalia haidromita yako. Nyingi zimesanifiwa kwa nyuzi 20. Kwenye bia ya nyuzi 30 husoma takriban nukta mbili na nusu chini ya ukweli. Unasoma 1.010, unaona imemaliza, kumbe iko 1.0125. Kosa hilo peke yake ni kubwa kuliko hesabu nzima tuliyofanya hapo juu, na ndilo chanzo cha mapipa mengi yanayorusha kizibo hadi darini. Poza sampuli kwanza, au tumia jedwali la kurekebisha. Nunua pia haidromita fupi ya 1.000 hadi 1.020, ambayo nukta zake zinaonekana.

Na utajuaje mwisho ni 1.010 na si 1.008? Siku ya pili ya kuchachuka chota mililita 200, ongeza hamira nyingi, weka kwenye chupa iliyofunikwa kwa pamba, tikisa kila unapopita. Kwenye joto la Malindi itafika mwisho ndani ya siku moja au mbili, mbele ya tangi. Kipimo chake ndicho mwisho wa tangi.

Pipa lioshwe hivi: suuza kwa maji vuguvugu, tia soda kali (kostiki soda) ya asilimia 2 yenye nyuzi 70, zungusha dakika 15, suuza tena mpaka utelezi uishe, kisha dawa ya asidi ya perasetiki kwa kipimo cha muuzaji. Glavu na miwani si hiari, na soda hiyo isiguse pipa la alumini. Kila mwezi osha kwa asidi, maana chokaa ya maji yetu hujenga ukoko ambamo vijidudu hujificha. Halafu weka pua kwenye tundu. Pua inagundua mapema kuliko kipimo chochote.

Jaza ukiacha nafasi ya nusu lita, gonga kizibo, laza pipa siku nne kwenye joto la kuchachushia, kisha liingie chumba cha baridi. Dawa ya kung'arisha inayotokana na kibofu cha samaki hufanya kazi nzuri kwa Waingereza, lakini ni protini inayoharibika ikipita nyuzi 20. Ikiachwa rafuni Malindi wiki moja, unatia maji tu. Iwe friji muda wote, au iache kabisa na umpe pipa siku mbili zaidi za kutulia. Ya mwani ni rahisi zaidi: unga wa karajinani hutiwa kwenye sufuria dakika 10 kabla ya kuzima moto, na joto haliuharibu. Pwani ya kusini, kule Kwale, wanalima mwani. Bado huo mbichi usitupe sufuriani, utaleta chumvi na harufu ya ufuo.

Kwa mwenye baa

Pipa likifika baa limetikiswa. Tuktuk ya Watamu, kilomita ishirini na kitu, inatosha kuyainua mashapo yote. Safiri alfajiri, funika kwa gunia la maji, na likifika lilazwe mahali pake pa mwisho na lisiguswe. Baada ya saa kadhaa gonga kijiti laini kwenye kizibo cha juu. Kijiti hicho kina vinyweleo, na povu litatoka. Lifute mara kwa mara; likikoma kurudi, kwa kawaida baada ya saa 12 hadi 24, weka kijiti kigumu kisichopitisha hewa. Kukiweka kigumu mapema ni kufungia gesi, na glasi ya kwanza itakuwa povu tupu. Kusahau laini usiku kucha nako kunaifanya bia ife, ladha yake ikawa bapa.

Bilula igongwe kwa nyundo ya mpira, pigo moja la uhakika, siku moja kabla ya kuuza. Ukigonga kwa kusitasita utamwagikiwa. Wakati wa kuuza kijiti kitolewe au kilegezwe, la sivyo bilula itavuta hewa kupitia bia na kukoroga mashapo. Pipa likibaki theluthi moja inua sehemu ya nyuma taratibu kwa sentimita saba, bia ikiwa inatoka, kamwe si kwa mkupuo.

Pampu ya mkono inapendeza kwenye kaunta, lakini kila mpira unaotoka chumba cha baridi kwenda kaunta una bia inayopata joto. Kwa baa ndogo tungependa bilula ipitishwe ukutani moja kwa moja kutoka chumbani. Ukiwa na pampu, bia iliyolala kwenye mpira imwagwe kila mchana kabla ya mteja wa kwanza, na mpira uoshwe kila wiki. Toa bia ikiwa na nyuzi 10, chini kidogo ya desturi ya Uingereza, kwa sababu glasi mezani Malindi haikai dakika nyingi kabla ya kufika 14. Wateja wetu wamezoea kuulizwa "Ya moto au ya baridi?" Hii iko katikati. Mhudumu aseme hivyo mapema, ili mteja asidhani friji imeharibika. Aseme pia kwamba hii si kegi. Kwa wengi, bia ya kutoka kwenye pipa ni ile ya bei ya chini, na ukipanga bei yako bila maelezo utaonekana mwizi.

Baa isiyofikia glasi 11 kwa siku lakini inataka pipa, ifungiwe kifaa kinachoingiza kaboni dioksidi kwa presha ya hewa ya kawaida badala ya hewa yenyewe. Bia haiongezewi povu, ila maisha yake yanafika wiki moja. CAMRA walikipinga miaka mingi, wakalegeza mwaka 2018. Kwa joto letu hatuoni sababu ya kubishana.

Mahesabu ya kukua

Mpiko mmoja wa lita 500 kwa wiki, ukitoa hasara, ni pini 23. Kila pini hukaa siku nne za kujichachua, mbili au tatu za kutulia, tatu za kuuzwa, na kama nne za kusubiri gari, kurudi na kuoshwa. Hiyo ni wiki mbili, kwa hiyo unahitaji pini 46, na chache za akiba kwa zile zitakazosahaulika nyuma ya jiko la hoteli. Nunua 50. Usipokuwa nazo, sufuria ya lita 500 ni pambo. Ndiyo maana tunasema mapipa kabla ya sufuria. Pini 23 zilizopangwa safu mbili zinakaa ndani ya chumba tulichoeleza. Ukifika mipiko miwili kwa wiki, jenga chumba cha pili badala ya kubomoa cha kwanza, ili kimoja kikiharibika usipoteze kila kitu.

Kuhusu vibali: leseni ya ushuru ya KRA (mamlaka ya mapato), alama ya KEBS (shirika la viwango) na leseni ya vileo ya kaunti. Anza navyo kabla ya kuagiza chuma. Kumbuka ushuru hufuata bia inayotoka kiwandani, si inayonyweka, kwa hiyo pipa lililoharibikia baa umelilipia mara mbili.

Usikue kwa kwenda mbali. Malindi, Mambrui na Watamu zinatosha. Kilifi ni mwisho wa uvumilivu wa bia isiyo na gari la baridi. Lamu tungeiacha. Ni mji wenye baa chache na staha yake, na pipa lililopanda basi kisha boti kutoka Mokowe linahitaji siku nyingi za kutulia ambazo hakuna wa kuzilipia.

Tena usipange ukubwa wa kiwanda kwa kutazama Desemba. Wageni hujaa Julai hadi Septemba, tena mwisho wa mwaka hadi Pasaka. Masika ikianza, hoteli kadhaa hufunga, na mpiko mmoja kwa wiki tatu unatosha. Wakati huo hamira iliyovunwa kwenye mpiko uliopita haifai kungoja. Ikipita wiki mbili friji nguvu yake imepungua, kwa hiyo tumia ya unga, gramu 300 hadi 400 kwa lita 500. Mapipa yaliyolala yaoshwe, yakaushwe na kuzibwa, kwa sababu pipa tupu lililo wazi ni nyumba ya mende. Miezi hiyo ndiyo ya kufungua bilula zote, kubadilisha mipira yake ya ndani, na kuagiza vijiti na vizibo vya msimu ujao, kwani meli zinazovileta hazijui kwamba Julai imekaribia.